Korongo na Tope la Kisimani

Paukwa!

Pakawa.

Sijasikia. Nyie wa nyuma mlioinamia simu, mnaitikia au mnanirekodi? Paukwa!

Pakawa.

Haya. Hapo zamani za kale, bibi yake bibi yangu hajaota hata jino, palikuwa na nchi ya wanyama iitwayo Bondeni. Udongo wake ulikuwa mweusi. Ng'ambo ya mto palikuwa na nchi nyingine, na udongo wa huko ulikuwa mwekundu. Hilo la udongo lishikeni, tutalihitaji.

Mpiga pembe wa Bondeni alikuwa Korongo. Kazi yake ilikuwa kwenda kunakotokea jambo, kulitazama, kisha kurudi na kulitangaza. Na ilikuwepo desturi. Kabla hajapuliza pembe, Korongo aliinua mguu mmoja, wanyama wakaangalia tope. Likiwa tope la huko anakosema ametoka, walimsikiliza. Likiwa jingine, angenyang'anywa pembe.

Basi vita vikazuka ng'ambo. Nyani na Ngiri waligombania jiwe la chumvi, kila upande ukitaka kulilamba peke yake. Bondeni wengi walisikitika kidogo, wakaendelea kula. Bi Digidigi hakula. Binti yake, Siwatu, alikuwa ameolewa huko huko ng'ambo, karibu na jiwe lenyewe, na alikuwa amejifungua juzijuzi tu. Akamwomba Korongo amtazamie kama mtoto na mjukuu ni wazima.

Korongo akaenda. Akavuka mto, akatembea, akauliza, akatazama pande zote mbili. Akarudi amechoka, tope jekundu mpaka magotini. Akainua mguu, kisha akatangaza kwamba Ngiri wawili wameumia, Nyani mmoja ameumia, wazee wao wameanza kuitana kikao, na Siwatu na mwanawe ni wazima.

Nani alimsikiliza? Bi Digidigi. Wengine wote walikuwa kwenye mti wa Chiriku.

Chiriku, ndugu zangu, hawakuwa wamevuka hata dimbwi, lakini mambo ya ng'ambo waliyajua yote. Mmoja alisema Ngiri wameua Nyani kumi. Wenzake wakampigia mabawa kidogo. Wa pili akasema wameua mia. Mabawa yakaongezeka. Wa tatu akasema wameua mia, na wote walikuwa watoto, na yeye mwenyewe amelia mpaka manyoya yamelowa. Mti mzima ukatikisika kwa mabawa, naye akapandishwa tawi la juu kabisa.

Wanyama nao wakachagua upande. Waliokuwa upande wa Nyani walijifunga jani bichi shingoni, wa Ngiri wakajifunga jani kavu. Vita havikupungua, lakini shingo zilipendeza sana.

Korongo akaona wivu. Miguu inamuuma, na hakuna aliyempigia hata bawa moja. Mara ya pili hakwenda. Alikaa chini ya mti, akasikiliza tawi la juu linasemaje, akapuliza pembe na kutangaza hayo hayo, akianza na "inasemekana". Mguu hakuuinua, na hakuna aliyemdai. Bondeni nzima ilikuja kumsikiliza. Chiriku wakafurahi mno, wakasema habari yetu ni ya kweli, hata Korongo ameitangaza. Korongo naye akaridhika, akasema ni ya kweli, hata Chiriku wanaisema.

Bi Digidigi alimfuata, akamuuliza kwa adabu, "Bwana Korongo, lakini huko umefika?"

Korongo akamwambia kwamba siku hizi habari zinakuja zenyewe, kutembea ni ushamba.

Ikawa mara ya tatu. Yule Chiriku wa tawi la juu alikuwa ameanza kuchokwa, mabawa yanapungua. Akatafuta jambo jipya. Akasema Nyani wameapa kuwamaliza Ngiri kabla jua halijazama. Korongo aliona habari hii ni nzito, inataka tope. Akaenda kisimani, nyuma ya nyumba yake, akakanyaga, akarudi, akainua mguu. Tope jeusi tii, la pale pale wanapoteka maji kila siku. Wote waliliona. Wote wakashangilia, maana walitaka kusikia.

Akapuliza pembe kwa nguvu kuliko siku zote, akakitangaza kiapo cha Nyani.

Sasa, sauti ya pembe haiulizi mpaka uko wapi. Ng'ambo, wakati huo, Nyani na Ngiri walikuwa wameketi kulizunguka jiwe la chumvi. Walikuwa wameshapatana zamu za kulilamba, na walikuwa wakigawana viazi. Wakasikia kwamba Nyani wameapa. Ngiri wakawatazama Nyani. Nyani wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ameapa bila kumwambia. Kisha Ngiri mmoja akasimama.

Kesho yake Siwatu alifika Bondeni. Alikuja peke yake. Sikio moja limechanika, na tope jekundu limemfika kifuani. Bi Digidigi alitazama nyuma ya binti yake, akatazama tena, halafu akakaa chini akalia.

Siwatu hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Korongo.

"Tulikuwa tumeshapatana," alimwambia. "Mwanangu alikuwa amelala. Wewe ulikuwa umesimama wapi?"

Korongo akainua mguu, kwa mazoea. Lilikuwa tope la kisimani, limekauka. Safari hii kila mmoja aliangalia vizuri.

 Kisha Chiriku wa tawi la juu akamwomba Siwatu, kwa upole kabisa, ayarudie yale maneno, na kama anaweza alie kidogo, kwa sababu waliokuwa matawi ya nyuma hawakuona.

Siku hiyo Korongo alinyang'anywa pembe. Ndiyo maana mpaka leo husimama topeni kwa mguu mmoja, mwingine ameuinua, anatuonyesha. Siku hizi ni tope la kweli. Hatumwangalii, tunasikiliza mti.

Funzo lake ni hili: vita usivyoviendea usivipigie pembe, na anayekuletea habari za vita mtazame miguu kwanza, kwa sababu ng'ambo kuna mtoto wa mtu amelala.

Ngano yangu naitua hapa. Ukiipenda, ibebe nzima, usiiongezee maiti. Usipoipenda, iache hapa hapa nilipoiweka.