Reki ya Usukani na Konzi ya Udongo

Wapendwa, fungeni Biblia zenu kwa dakika chache, mtazifungua tena. Somo tumelisikia wote. Sasa nataka mkae kidogo na mtu mmoja ambaye hamumjui, ingawa nadhani wengine mtamtambua kabla sijamaliza.

Kulikuwa na dereva mmoja wa malori. Alizaliwa milimani Upare, akaoa na kujenga Morogoro, na kwa miaka ishirini na sita aliendesha mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Zambia. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kila safari aliiandika: siku aliyoondoka, mizani aliyopita, tairi iliyopasuka na mahali ilipopasukia. Wenzake walimtania kwamba siku ya mwisho malaika hawatahitaji kitabu, watakuja kuazima chake.

Mama yake alifariki mwezi wa tano, siku ya Jumanne, akazikwa Ijumaa. Dereva huyu alikuwa mpakani Tunduma. Hakufika. Baadaye alimwambia dada yake, ambaye ndiye mkubwa wao, kwamba simu haikushika mtandao, na habari zilimfikia Jumamosi, watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Dada akasema, "Haya, mdogo wangu. Pole na safari."

Katika ukoo wao kuna desturi. Mtoto ambaye hakuwahi mazishi, siku anaporudi, mkubwa wao humshika mkono na kumpeleka hadi kaburini, akamwonyesha: mama yuko hapa. Naye huchota konzi moja ya udongo na kuitupa juu, kama wenzake walivyofanya siku ile. Na mpaka mtoto wa mwisho awe ametupa udongo wake, kaburi halijengewi. Haliwekwi tofali wala simenti. Huachwa udongo mtupu, kwa sababu likishafungwa, asiyetupa amebaki nje.

Basi kaburi la mama yule liliachwa udongo mtupu. Mvua za vuli zikaja, zikalishusha. Dada mtu, mwanamke wa miaka sitini na tisa mwenye goti bovu, akachukua jembe akalipandisha. Zikaja za masika, akalipandisha tena. Misimu sita ilipita hivyo. Wapita njia waliuliza chini chini kama nyumba ile imekosa hata mifuko mitatu ya simenti. Dada aliwasikia. Aliendelea kupandisha udongo.

Je, mdogo wake hakutaka kwenda? Wapendwa, alitaka mpaka akakonda. Jirani akiwasha kuni mbichi, yeye alisimama uani pale pale, anavuta ule moshi kama mtu anayesikiliza jina lake likiitwa. Mke wake alipopika makande, alikula kimya hadi mwisho, kisha akasema kwamba ya mama yaliungwa kwa maziwa. Njia ya kupanda kwao aliijua kwa moyo. Akiwa amelala chali mchana, aliipanda peke yake akilini: kona ya kanisani, kona ya mfereji, kona ya kwa mwalimu ambapo honi lazima ipigwe, halafu unaliona bati la mama. Kila mara alipoliona lile bati, aliamka.

Dada alipopiga simu kumuuliza anakuja lini, jibu lilikuwa moja. "Gari, dada. Usukani haujakaa sawa."

Na gari kweli lilikuwa na kasoro. Alilinunua alipostaafu, muda mfupi baada ya msiba, gari dogo kuukuu, nalo lilikuja na reki mbovu. Reki ni kile chuma kirefu kilicholala chini kwa mbele, kinachopokea unachoamua wewe kwenye usukani na kuyageuza magurudumu. Ya gari lile ilivuja mafuta. Kukata kona kulikuwa kama kumvuta ng'ombe asiyetaka kuondoka zizini. Ukiwa kwenye barabara iliyonyooka, usukani unacheza mkononi, hujui kama gari linakufuata. Kwa gari kama hilo mtu mwenye akili hapandi milima. Kwa hiyo, ndugu zangu, hakusema uongo aliposema gari ni bovu. Lakini alikuwa amelisema kwa miaka mitatu bila kushika spana.

Mwezi wa sita dada akapiga tena. Safari hii hakuuliza. Alisema wajomba wamechoka kungoja, simenti na kokoto zimekwisha kupandishwa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi mafundi wanaanza saa mbili asubuhi.

"Nimewazuia kadiri nilivyoweza," alisema. "Sasa sina nguvu tena ya kubishana na wanaume watano."

Zilibaki wiki tatu. Siku ile ile mtu wetu akaagiza reki ya mtumba kutoka Dar es Salaam. Ilipofika, hakulipeleka gari gereji. Alisema kazi ya gari la kupanda mlima hamwachii mtu mwingine, ataifanya mwenyewe, nyumbani, kwenye sakafu ya uani.

Aliifanya vizuri, tena vizuri sana. Alinyoosha magurudumu, akaufunga usukani kwa kanga ya mke wake usije ukazunguka wakati reki haipo. Akalipandisha gari kwa jeki na kulikalisha juu ya magogo. Akaweka alama ya rangi pale usukani unapoungana na reki. Alipofungua nati za ncha za mikono, ile inayounganisha reki na magurudumu, alihesabu mizunguko, kumi na saba kulia, kumi na nane kushoto, akaandika. Reki mpya aliizungusha kutoka mwisho hadi mwisho ili aipate katikati yake kamili kabla ya kuiweka. Siku mbili alilala mgongo chini ya gari, mafuta yakimdondokea shingoni. Siku ya tatu akawasha, akageuza usukani. Ulikuwa mwepesi. Ungeugeuza kwa kidole.

Mke wake alikuwa mlangoni na sinia la mchele. Alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele, kwamba basi Jumatano wanaweza kuondoka, atatafuta sukari na majani ya chai ya kumpelekea wifi.

Jumatano ilipofika, mume alikuwa chini ya gari. Alisema usukani umelala kidogo upande wa kushoto, kama kidole kimoja hivi. Akafungua, akarekebisha, akafunga. Wiki ya pili akasikia mlio. Alisema ni hewa imebaki kwenye mafuta. Akaitoa hewa kwa kugeuza usukani kulia na kushoto, mara hamsini, na mlio ukaisha. Kesho yake akasema haamini zile bolti. Wapendwa, aliishusha reki yote chini, reki nzima isiyo na kosa lolote, akaifuta kwa kitambaa na kuirudisha mahali pake.

Ilikuwa Alhamisi. Simenti ingemwagwa keshokutwa.

Jirani yao, fundi magari wa siku nyingi, alikuwa ameona mambo yale juu ya ukuta wake kwa wiki mbili. Siku ile alishindwa kuvumilia. Akaingia, akaomba ufunguo, akalizungusha gari mtaani na kulirudisha. Alishuka taratibu, akaegemea mlango.

"Mzee, hili gari limepona tangu juma lile," alisema. "Sasa unatibu nini?"

"Mlimani si mchezo, fundi. Kuna kona."

"Umeburuta tani thelathini mpaka Lusaka. Leo unaogopa kona za kwenu?"

Akampa ufunguo, akaondoka. Mke, aliyekuwa akianika nguo, akasema maneno machache tu.

"Baba Niwaeli, mimi sijakuuliza miaka mitatu. Na leo sikuulizi. Lakini keshokutwa wanamfunga."

Akachukua beseni lake akaingia ndani.

Sasa niwaambie jambo ambalo mtu huyu hakuliandika popote. Simu ya msiba ilimfikia. Ilimfikia Jumanne ile ile, saa nne asubuhi, kwenye foleni ya malori, kutoka kwa dereva mwenzake wa kwao. Na tajiri wake, mwenye lori, alipoambiwa alimruhusu, akasema acha lori, namtuma mwenzako alichukue, wewe panda basi ukamzike mama. Yeye akapiga hesabu. Amekaa foleni siku saba. Zamu yake ya kuvuka ni kesho. Mama amekwisha kufa, na kuwahi kwake hakutamfufua. Akavuka. Ijumaa, saa ambayo wenzake walikuwa wanatupa udongo, alikuwa anakula wali na nyama kando ya barabara nchi ya watu, na chakula kilikuwa kitamu. Hicho ndicho kilichomla miaka mitatu. Kona hakuiogopa hata moja. Aliogopa kushikwa mkono na dada yake na kuonyeshwa kaburi, huku yeye anajua na dada hajui.

Jioni ile aliketi ndani ya gari, pale pale uani, mlango wazi, akampigia dada yake. Alikuwa ameyapanga maneno. Akaanza kueleza kwamba reki ile ya mtumba haiaminiki, kuna sauti fulani anaisikia akikata kulia, na pengine ingefaa wajomba waendelee tu, yeye atakuja baadaye kidogo.

Dada alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Mdogo wangu," alisema, "tajiri wako alinipigia siku ile ya Jumanne. Alinipa pole. Akasema amekuruhusu, uko njiani. Nikakungoja Jumatano. Nikakungoja Alhamisi. Ijumaa tulilizuia jeneza mpaka saa kumi, mchungaji akanuna."

Mdogo mtu akaufunga mlango wa gari.

"Kwa hiyo ulijua," alisema.

"Nimejua tangu siku hiyo."

"Na bado ulikuwa unapandisha ule udongo? Misimu yote hiyo? Kwa goti lile?"

"Ulitaka nifanyeje?" dada alisema. "Wewe si mtoto wake?"

Wapendwa, hapo ndipo nilipotaka tufike.

Mtu yule alidhani analinda siri. Akajipangia kwamba siku atakayokwenda, lazima aende na gari lisilo na dosari, usukani umenyooka, mafuta hayavuji, ili angalau kitu kimoja chake kiwe safi mbele ya dada yake. Kumbe yule anayemkimbia ndiye anayejua yote, na ndiye aliyeinama na jembe kila msimu ili nafasi yake isifungwe.

Na sisi je? Wangapi humu tunamwambia Mungu, "Nakuja, bado kidogo natengeneza"? Acha kwanza niache pombe, nitakuja. Acha kwanza nipatane na mwenzangu, nifunge ndoa yangu, nivae nguo inayofanana na watu wa kanisani, halafu nitasogea mbele. Na vile tunavyovitengeneza ni vibovu kweli, sisemi si vibovu. Vitengenezwe. Lakini kuna mahali tulikwisha kumaliza kazi, na bado tunashusha reki nzima chini na kuifuta, kwa sababu tunaogopa kufika. Tunatamani nyumbani mpaka machozi yanatutoka wimbo ukiimbwa, kisha wimbo ukiisha tunarudi chini ya gari.

Tunaogopa nini? Kwamba akituona atajua? Amejua. Tangu Jumanne ile amejua. Alijua ulipokuwa unakula, na chakula ni kitamu. Swali siyo kama anajua. Swali ni hili: kama anajua, kwa nini mpaka leo hajalifunga? Kwa nini asubuhi ya leo umeamka, ukasikia kengele, na mlango huu ukaukuta wazi? Mtu anayekuchukia hakungojei kwa goti bovu.

Na tusimwachie Mungu peke yake jambo hili, maana ni rahisi kulia hapa na kurudi nyumbani vile vile. Yuko mtu anayekungoja wewe, mwenye jina na namba ya simu. Dada, au baba, au mtoto uliyemwambia neno miaka ile. Unadhani hajui ulichofanya. Mimi nakwambia huenda anakijua kuliko unavyokijua wewe, na ameamua kungoja. Lakini watu wa kungoja wanazeeka. Wana wajomba wanaowasukuma. Simenti ina siku yake.

Najua mnataka kuniuliza kama alikwenda. Alikwenda. Aliondoka Ijumaa alfajiri na mke wake, akafika kabla jua halijazama. Jumamosi mafundi walianza saa nne badala ya saa mbili, kwa sababu palikuwa na mtu wa kumalizana naye kwanza. Yaliyosemwa kaburini ni ya nyumba ile, sitayasema hapa.

Tusimame tuombe. Wimbo wa mwisho tutaimba ubeti mmoja tu, na matangazo ya leo nitayafupisha, ili wenye safari waanze mapema.