Kibali cha Stesheni ya Ishirini

Hapo zamani, na wala si zamani ya babu zenu, ni zamani ya kompyuta zenye chogo, palikuwa na karani wa tiketi za treni, jina lake Bi Nakijwa. Anayetaka kubisha anisubiri nimalize.

Treni ya abiria ilipoacha kupita, stesheni yake ilifungwa, naye akaagwa kwa kupewa kompyuta ya ofisi. Ndani yake mlikuwa na gemu la reli. Basi mama wa watu akajenga mji. Gemu lile lilitoa vibali ishirini tu vya stesheni, na kibali kikishatumika hakirudi. Akajenga stesheni kumi na tisa, kila moja akaipa jina la mtu aliyempenda: muuza maandazi wa behewa la tatu, mwalimu aliyesahau mwavuli kila Jumatatu, na ile ya katikati ya mji akaiita Eliakimu, marehemu mumewe, fundi wa reli. Akiona treni inasimama Eliakimu, roho yake inatulia. Kibali cha ishirini akakiweka akiba.

Kompyuta ikafa. Miaka ikapita, naye akapata kiharusi, mkono ukabaki unatetemeka. Aliukumbuka mji ule jamani, aliukumbuka mpaka akawa anataja stesheni zake akichambua mchele. Siku moja akawaambia wanawe kwamba atakayemrudishia mji wake, kibali cha mwisho kitabeba jina lake.

Namkunda, bintiye, akatoa diski ya kompyuta ile. Mama alisema itupwe. Yeye aliing'oa kwa bisibisi, akaiviringisha kwenye kanga, akahama nayo nyumba sita kwa miaka kumi na miwili, mumewe akimcheka.

Elinami, mwanawe wa kiume, akaipokea. Gemu lilikuwa la Windows ya enzi hizo, na kompyuta za leo hazilitaki. Yeye ni mtu wa Linux, ule mfumo mwingine wa kompyuta usio Windows, na hao mnawajua, hawakubali kushindwa na mashine. Wiki tatu akahangaika, akiondoa hiki, akiongeza kile, hadi siku moja honi ya treni ikalia.

Tusekile, mke wa Elinami, akatoa kompyuta yake ndogo ya kuchezea gemu mkononi, inayotumia Linux hiyohiyo. Aliipenda kuliko simu yake. Alijua mama mkwe hawezi tena kushika kipanya, kwa hiyo akajifunga vitambaa vidoleni, viwe vizito kama vya mama, na kucheza hivyohivyo siku nyingi, akihamisha kazi za vitufe mpaka mkono mzito ukaweza kuendesha treni.

Bi Nakijwa alipowasha, alilia. Akapita stesheni moja baada ya nyingine, akiwasalimia watu wake kwa majina. Alipofika katikati ya mji akasimamisha treni. Pale palikuwa na maghorofa matupu.

"Eliakimu iko wapi?"

Elinami akaeleza yaliyotokea. Diski ilitoa nakala moja tu, kisha ikafa. Yeye anayewahubiria wenzake kila siku wanakili mara mbili, siku hiyo hamu ilimzidi. Akawasha nakala hiyohiyo, honi ikalia, akafurahi, akaenda kula. Gemuni ikapita miaka arobaini bila msimamizi, stesheni ya Eliakimu ikavunjwa kupisha maghorofa, na gemu likajihifadhi lenyewe.

"Kibali kilichobaki mpe Baba," akasema. "Mimi sitaki kitu."

Namkunda akamgeukia kwa hasira. Akamwambia anagawa haki ya mwenzake ili afunike kosa lake, na bila ile diski angewasha nini? Elinami akajibu kwamba bila yeye, diski ingekuwa chuma ndani ya kanga mpaka leo. Wakajibizana mpaka chai ikapoa.

Tusekile alisubiri wanyamaze.

"Mama, uliahidi," akasema. "Hao wote uliowaandika wameshatangulia. Mara hii andika mtu atakayeketi hapa na kusoma jina lake."

Hakusema ni nani.

Bi Nakijwa alimtaka mumewe, alimtaka kwa moyo wote. Lakini ahadi aliitoa mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa watu walio hai. Akaweka kidole juu ya kitufe.

Haya, nyinyi mliokuwa mkinong'ona tangu nilipoanza, kishikeni sasa kifaa. Nafasi ni moja na haifutiki. Je, ni jina la nani lililostahili?