Ngazi, Dawa na Kiwanja cha Mize

Palikuwa na Sultani aliyeanguka. Hakuanguka enzini, alianguka ngazini. Asubuhi moja alitoka chumbani mwake katika jumba jipya la Tandamawe, akashuka vidato kumi na tisa kwa madaha, na cha ishirini hakukikuta pale mguu ulipokitarajia. Kifundo kikateguka, kilemba kikabingirika hadi uani.

Jumba lile alilijenga Mhandisi Nasoro. Na asubuhi ile Sultani alikuwa amekunywa dawa ya tumbo ya Tabibu Badawi. Tabibu akasema ngazi ni mbovu. Mhandisi akasema ngazi haipatwi na kizunguzungu, apatwaye ni mnywa dawa.

Mabwana hawa walikuwa na miaka saba ya kushindana nani ana akili kumshinda mwenzake. Tabibu alisema kupanga mawe hata mchwa anaweza. Mhandisi alijibu kwamba ukuta wake una dhamana ya miaka mia, aje mgonjwa mwenye dhamana ya kufika Ijumaa. Hapakuwa na karamu waliyokula kwa amani, wala hawakuwaachia wengine waile.

Nyuma ya jumba palikuwa na kiwanja kidogo cha Bi Mize, mjane, msusi wa mikeka. Kibanda kimoja, mikindu miwili, basi. Tabibu alikitamani apande miti ya dawa. Mhandisi alikitamani aweke chokaa yake. Sultani, mguu unauma na masikio yamechoka, akaapa mbele ya watu: kiwanja kitakwenda kwa mwenye akili zaidi, na mwamuzi atakuwa Mize mwenyewe. Asipoamua, wale wawili watagawana nusu kwa nusu.

Mize alipoletewa habari alimwambia jirani yake kwamba hajawahi kusikia kuku akiulizwa achinjwe kwa kisu kipi. Kisha akarudi kwenye ukili wake wa mkeka, akasuka, akafikiri, akasuka tena.

Ijumaa baada ya sala, baraza lilijaa mpaka kizingitini. Mize akaingia na kipande cha ukili mkononi, akaanza na Mhandisi.

"Bwana Nasoro, kidato kimoja kina kimo gani?"

"Shibiri moja. Ya Sultani, si ya kuokota njiani."

Hiyo ilikuwa sheria ya Tandamawe. Urefu ulipimwa kwa shibiri ya Sultani, ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Unga na dawa vilipimwa kwa konzi lake, kiganja kikijaa. Wala hakikuwa kipimo cha kuchukuliwa mara moja kikahifadhiwa, maana Sultani alipenda kuombwa mkono.

"Vidato vyote ishirini?"

"Vyote. Kwa kila kidato nilimwendea Bwana, akanitandazia mkono. Mimi si mtu wa kukisia, kama wengine wanaokisia maini ya watu."

Watu wakacheka. Mize akamgeukia Tabibu, akamuuliza kiasi cha dawa.

"Konzi moja la Sultani, kila asubuhi, mkono wake mwenyewe. Nami nikikosea, bibi, mgonjwa husema. Ukuta ukikosewa hunyamaza mpaka mwenye nyumba aingie."

Wakacheka tena. Mize akapiga magoti, akamwomba Sultani apime shibiri moja juu ya ukili. Sultani akapima, Mize akatia alama ya mkaa. Kisha akasema, kama mtu anayepitisha mazungumzo, kwamba wasafiri wote husema toka hapa hadi milimani hapana mfalme mwenye mkono mpana kama huu. Akaomba apimiwe tena. Sultani akatandaza vidole mpaka vikaalika.

Mize akauinua ukili, watu wauone. Alama mbili zilipishana upana wa vidole viwili.

"Bwana Nasoro, siku ya kidato cha ishirini, kile cha chini kabisa, kulikuwa na nini?"

"Wageni," alisema Mhandisi polepole. "Walikuja kumsifu Sultani."

Tabibu alikuwa akichunguza kucha za miguu yake.

"Mize," alisema Sultani, na sauti yake haikuwa ya mzaha, "unasema mkono wangu ndio ulioniangusha?"

"Hasha, Bwana wangu. Mkono wako hauna kosa. Hukunjuka kwa furaha na kukunjika kwa uchovu, kama mkono wa kila aliye hai. Mkono usiobadilika ndio ungetutoa machozi."

Sultani alitafuta pa kukasirikia, hakupapata. Akawageukia wale wawili, akawauliza kama walijua kipimo kinachezacheza. Mhandisi, asije akaonekana hajui, akasema aligundua kwenye kidato cha tatu. Tabibu, asije akapitwa, akasema yeye alijua tangu konzi la kwanza.

"Mlijua, mkanyamaza?"

Sultani akamrudia Mize.

"Mwamuzi, toa hukumu. Kati ya hawa, nani mwenye akili?"

"Elimu wanayo, Bwana, mizigo kwa mizigo. Akili waliivua mlangoni pamoja na viatu."

Sultani akacheka mpaka kifundo kikamkumbusha. Alipotulia akafuta macho, akakaa sawasawa kitini.

"Umesema vizuri. Lakini niliapa, na watu hawa wote walinisikia. Kiwanja lazima kiende kwa mwenye akili zaidi."

Mize akaukunja ukili wake, akasimama.

"Kama ni hivyo, Bwana wangu, kimeshafika."