Zimwi Lililongoja Mize Alie

"Paukwa!"

Kimya.

Mjomba Shaame alikuwa ndiyo kwanza amejibwaga uani kwa dada yake, kanzu imepigwa pasi, miguu ameikunja kama mtu wa heshima zake, watoto wamemzunguka. Jua linakuchwa. Akapaza sauti tena:

"Paukwa!"

Safari hii aliitikiwa. Ila aliyeitika alikuwa kuku, na kuku huyo alikuwa chini yake.

"Shaame!" Bi Tatu, dada yake, alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Umekalia tenga la kuku anayeatamia!"

"Nilidhani kiti, dada."

"Kiti! Tangu lini kiti kikapiga kelele?"

Mjomba akainuka. Kuku akachomoka kwenye tenga lililobonyea, akakimbilia ukutani huku akimlaani. Kanzu nyuma yote imetapakaa ute na kiini. Watoto walicheka mpaka wakagaragara.

"Mtu kafika Ngazija," akasema Bi Tatu, "kafika Maskati, kapika melini mpaka Bandari Abasi, na tenga na kiti hajui!"

"Kule hawafugi kuku uani, dada. Nimesahau." Akahamia mkekani, akakaa upande upande. "Haya, mshacheka? Bado wewe Raya? Cheka umalize, nakungoja. Tayari? Basi."

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa mayai, ukayakalia!

Hayo yamepita. Pakawa na kisiwa kidogo, kidogo hivi kwamba kondoo akikohoa upande huu, kuku wa upande wa pili hushtuka. Kikiitwa Shungi. Juu yake palikuwa na nyumba moja, zizi moja la kondoo na banda moja la kuku. Na watu wawili: Mize, na wifi yake Bikombo.

Zamani walikuwa watatu. Wa tatu alikuwa Faki, mume wa Mize, kaka yake Bikombo. Faki akaugua, Faki akalala, Faki akafa. Wakamzika nyuma ya zizi.

Watu wakaja kutoka kisiwa kikubwa. Wanawake wakalia. Wanaume wakasoma, wakala wali, wakaenda zao. Mize akakaa katikati ya mkeka, macho makavu kama mawe ya mwambani.

Si kwamba alijikaza. Hakuwa na cha kukaza. Mnajua mguu mkiukalia muda mrefu unavyokufa ganzi? Unautazama, wako. Unaugusa, wako. Lakini hauitiki. Basi Mize alikuwa hivyo mwili mzima.

Desturi ya kisiwa kile, mfugaji akifa, anayebaki huenda zizini akawaambia wanyama. Wasipoambiwa, watamngoja maiti mpaka wakonde. Basi Mize akaenda. Kondoo wakamtazama, mikia yao minono imening'inia.

"Faki kafa," akawaambia. "Mwenyewe sasa ni mimi."

Akaenda bandani akawaambia kuku vilevile, kwa sauti ileile, kama mtu anayesoma bei ya sukari. Kisha akawamwagia pumba.

Bikombo aliona aibu. Kaka yake kazikwa na mkewe hajatoa hata tone! Watasemaje kule ng'ambo? Basi yeye akalia zamu yake. Kisha akabadilisha sauti, akaifanya nyembamba, akalia na zamu ya wifi yake. Alilia kwa sauti mbili, wanangu, jogoo akajitia ndani.

Hapo ndipo alipokosea. Kwa sababu ng'ambo ya pili, pangoni, palikuwa na zimwi. Na zimwi lile halikuwa kama haya mengine yanayokula ovyo ovyo. Lile lilikuwa na mdomo wa kuchagua. Lilikula kinacholiliwa tu. Machozi ya mwenyewe ndiyo chumvi yake. Bila chumvi hiyo, ng'ombe mzima kwake ni sawa na kutafuna mkeka.

Zimwi likasikia kilio. Likahesabu: sauti moja, sauti mbili. "Loo! Wanawake wawili wenye machozi, na mifugo juu!" Likaanza safari. Lakini lilikuwa zito, linatembea kama mimi baada ya pilau, na lilipofika Shungi msiba ulikuwa umekwisha zamani.

Siku moja basi, mchana, maji yamekupwa, Mize yuko anatengeneza ua wa zizi. Akaona kivuli. Akainua kichwa. Zimwi hilo limesimama mbele yake, refu kuliko mnazi, nywele zimejaa makombe ya baharini.

"Hujambo, mama?" zimwi likasema.

"Sijambo," Mize akasema, akaendelea kufunga kamba.

"Mimi ni zimwi."

"Nimeona."

Zimwi likashangaa. Likamkamata jogoo, jogoo mwekundu ambaye Faki alimlea tangu kifaranga, likaimba:

"Mwenye mali, lia nile,
tone moja, tone lile,
njaa yangu ni ya kale!"

Likangoja. Mize akatazama. Hakulia. Zimwi likamtia jogoo mdomoni, likatafuna mara moja, likakunja uso. "Kavu! Haina chumvi!" Likamtema. Jogoo akaanguka amelowa mate chapachapa, akajikung'uta, akawika kwa hasira.

"Rudi bandani," Mize akamwambia.

Siku ya pili zimwi likaja tena. Likamkamata dume la kondoo, lile kubwa ambalo Faki alikataa kuliuza hata siku ya shida. Nanyi mnajua kondoo si mbuzi. Mbuzi ukimgusa kijiji kizima kitajua. Kondoo unamshika, ananyamaza tu. Likaimba:

"Mwenye mali, lia nile,
tone moja, tone lile,
njaa yangu ni ya kale!"

Mize akatazama. Hakulia. Zimwi likameza, likakohoa, likatapika. "Kavu! Haina chumvi!" Kondoo akatoka mzima, manyoya yamenata, akaenda zake kula majani.

"Wifi wee!" Bikombo alikuwa amejificha nyuma ya pipa. "Umeliwa mnyama mbele ya macho na huguni? Wewe na hao kondoo wako, nani kamfundisha mwenzake?"

"Karudi," Mize akasema.

"Si kwa sababu yako!"

"Ni kwa sababu yangu," Mize akasema. Na kweli, lakini alisema bila furaha, kama mtu anayekuambia leo ni Jumatatu.

Siku ya tatu zimwi likaja limekonda kidogo. Likamkamata mwanakondoo aliyeachwa na mama yake, yule ambaye Faki alimnywesha maziwa kwa kidole hata usiku Faki mwenyewe alipokuwa na homa. Bikombo alipoona hivyo, machozi yakamtoka chururu. Zimwi likamgeukia.

"Wewe si mwenyewe," likamwambia. "Aliyewaambia wanyama ni yule. Machozi yako kwa huyu ni maji ya kisima tu."

Likaimba wimbo wake. Mize akatazama. Akamtazama mwanakondoo miguu inaning'inia. Hakulia. Likamtafuna, likamtema. "Kavu!" zimwi likapiga kelele, na kelele zake zilikuwa za mgonjwa. "Haina chumvi!"

Mize akampokea mwanakondoo, akamfuta mate kwa upande wa kanga. Akaona mikono yake inamfuta vizuri, mpaka ndani ya masikio. Akaitazama mikono ile kama mikono ya jirani.

Basi Bikombo akasema, "Wifi, mie nimekuona mjinga miezi yote. Nimekwambia lia, lia, mwanamke, lia. Kumbe ganzi yako ndiyo iliyotuweka salama."

"Kalete maji," Mize akasema.

Sasa zimwi likaketi mwambani likafikiri. Na zimwi likifikiri, wanangu, kuna mtu ataumia. Likasema: jogoo hakuliliwa, kondoo hakuliliwa, mwanakondoo hakuliliwa. Yuko nani tena?

Bikombo alikuwa kisimani, ameinama anavuta ndoo. Zimwi likamwinua kwa kiuno, ndoo na kamba na yote.

Mize alisikia ukelele. Akatoka mbio. Mbio! Mwenyewe alishangaa miguu inakimbia. Akakuta zimwi limesimama kati ya kisima na zizi, limemshika wifi yake juu ya mdomo ulio wazi kama mlango wa ghala.

"Huyu hana mwingine duniani ila wewe," likasema zimwi. "Kwa hiyo mwenyewe ni wewe. Lia."

"Usilie!" Bikombo akapiga kelele kutoka juu, kanga moja imeshaanguka. "Mize, usithubutu! Leo ukilia nitakuja kukusumbua mpaka ufe!"

Mize akatazama.

"Vifaranga umewafunika?" Bikombo akaendelea, kwa sababu mtu mwenye maneno hata mdomoni mwa zimwi ana maneno. "Yule kuku mweupe analala juu ya mpera, umshushe, mimi ndiye ninayemshushaga, hujui tu. Na chumvi ya wali iko... ah, basi." Kisha akasema taratibu: "Kaka aliniambia nisikuache peke yako. Alinishika mkono akaniambia. Nisamehe, wifi. Nimeshindwa."

Hapo Mize akasikia kitu nyayoni. Sindano. Sindano kwenye magoti, sindano tumboni, sindano kifuani. Mguu uliokufa ganzi unapoamka, hauamki kwa raha. Akajua: yanakuja. Machozi ya miezi yote yanakuja, na yakidondoka Bikombo ameliwa.

Akauma midomo. Yanakuja. Akafumba macho. Yanakuja. Akashika mashavu kwa mikono miwili. Yanakuja.

Zimwi likaanza kuimba kwa furaha, mate yanachuruzika:

"Mwenye mali, lia nile..."

Sasa sikilizeni. Mize alikuwa mchungaji. Na kila mchungaji anajua: kondoo wakishaondoka, huwazuii kwa kusimama mbele na kutanua mikono. Watakupita. Watakukanyaga. Unachofanya, unamwahi wa mbele, unamgeuza kichwa. Huyo akigeuka, wote wanageuka.

Mize akaacha kuyazuia. Akaligeuzia zimwi mgongo. Akamgeuzia na Bikombo mgongo. Akazunguka zizi, akaenda mpaka kwenye kaburi la Faki, akapiga magoti.

"Faki," akasema.

Tone la kwanza likaangukia kaburini. Mengine yakafuata njia ileile, moja baada ya jingine, yakisukumana. Akalia. Alilia akikumbuka jogoo mwekundu alivyokuwa akimfuata Faki mguuni. Alikililia kikombe chake kilichokuwa bado kwenye kigingi. Alilia mpaka kanga ikalowa.

Zimwi likaona machozi, halikungoja. Likamtia Bikombo mdomoni, likafumba, likatafuna.

Likasita.

Likatafuna tena.

"Kavu!"

Likamtema Bikombo majanini, amelowa, nywele zimesimama, ananuka makombe. Likaenda kwa kishindo mpaka kaburini.

"Mwanamke! Unalia, nakuona unalia! Mbona nyama haina chumvi? Unamlilia nani?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Uko juu ya miguu yake. Sogea."

Zimwi likasogea. "Na yule?" likasema, linamwonyesha Bikombo kwa kidole. "Yule humlilii?"

Mize akafuta pua. "Yule yuko hai. Nimlilie nini?"

Wote ambao zimwi liliwaliza huko nyuma likala vyao walikuwa wakiwalilia walio hai kama waliokwisha kufa, na hakuna aliyewahi kulijibu hivyo.

"Basi mimi nile nini?" likauliza, sauti ndogo.

"Pumba zipo," Bikombo akasema kutoka majanini, anajipangusa mate. "Lakini utawangoja kuku washibe."

Zimwi likaondoka. Maji yalikuwa yameanza kujaa, likavuka yakiwa yanalifika magotini, na halikuonekana tena Shungi.

Wale wawili wakabaki pale nyuma ya zizi. Bikombo akaketi upande wa pili wa kaburi, akataka kulia naye, akajaribu, hakuweza. Alikwisha kulia zamu zake zote na za mwenzake.

"Nikusaidie?" akauliza.

"Hapana. Hizi ni zangu," Mize akasema. "Kawafunike vifaranga."

Hadithi yangu imefungiwa mlango hapo, mimi niko nje na ninyi mko nje. Na funzo lake si gumu: aliyekufa mlilie, na aliye hai usimzike kabla hajafa.

Kisha Raya akainua kichwa.

"Mjomba, Mize alilia mpaka lini?"

Mjomba Shaame akakohoa, akatafuta jambo la maana la kusema, kitu cha Ngazija au cha Maskati. Bi Tatu akamtangulia kutoka mlangoni.

"Mpaka alipomaliza," akasema.