Barua ya Silla na Mwaka wa Kuazima

Inasimuliwa kwamba zama wafalme wa Tang walipoitawala China, aliishi katika mji wao mkuu, Chang'an, mja mwema aliyeitwa Dhakwani bin Rabia, mzaliwa wa Basra. Alikuwa akiuza karatasi na wino katika soko la magharibi, na watu walimjua kwa ufundi mmoja: kufuta maandishi. Alilainisha wino kwa maji ya mchele, akaukwangua kwa jiwe, kisha akasugua mahali pale kwa pembe mpaka karatasi ikawa kama haijaguswa.

Asubuhi moja aliingia dukani kwake mgeni aliyekondeana, akaufunga mlango mwenyewe. Alikuwa Pak Insu, balozi wa mfalme wa Silla, ufalme wa Wakorea ulio mashariki, ng'ambo ya bahari. Alitandaza barua ya mfalme wake, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Nifutie jina hili la mwaka, niandike jingine."

Dhakwani aliinama, akatazama. Miaka yote aliyokaa China hakuwa amekutana na jambo hili.

"Kwani mwaka wenu una jina la nani, Bwana Balozi?"

"La enzi ya mfalme wa huku, maana kila mfalme wa Tang huipa miaka yake jina. Sisi tuna mfalme wetu, lakini mwaka tunauazima kwa Tang. Ndiyo alama ya urafiki wetu."

"Mnaazima mwaka!" Dhakwani alistaajabu. "Na mwenyewe akiubadilisha?"

"Ndilo lililonifika. Tulipokuwa baharini mfalme wa Tang alifariki. Mwanawe aliyemrithi ameupa mwaka jina jipya. Nilishuka bandarini na homa, nikalala siku tatu sijitambui, na nilipoamka ndipo nikaambiwa. Nikiipeleka barua hivi, watasema Silla imemkataa mfalme mpya. Zawadi zitarudishwa, na baada ya zawadi huja majeshi. Haya, chukua jiwe lako."

Dhakwani aliliangalia jiwe, hakulishika.

"Kuna kosa gani katika barua hii?"

"Sikuja kuulizwa maswali na muuza wino! Kila siku unawafutia watu."

"Nafuta makosa, bwana. Aliyeandika hapa hakukosea. Siku ile, kwa alivyojua, mwaka ulikuwa na jina hili."

"Maneno matamu hayo. Shingo si yako."

Dhakwani alijua kwamba mtu huyu hakudanganya kuhusu hatari, na kwamba kazi yenyewe isingemchukua hata saa nzima. Akasema kwa sauti ya chini: "Mke wangu, Umaima, alifia Basra. Habari zilichukua miezi saba kunifikia. Miezi yote hiyo nilimwandikia, nikimuuliza hali ya kifua chake. Sikuwa mwongo, Bwana Balozi. Nilikuwa mbali. Barua yako nayo ilikuwa mbali. Ipeleke ilivyo, nami nitakwenda nawe kushuhudia kwamba karatasi haijaguswa. Mwenyezi Mungu hamtupi mkweli."

Balozi alimtukana kwa lugha ya kwao. Kisha, kwa kuwa hakumjua fundi mwingine, akaikunja barua.

Siku ya tatu walipiga magoti mbele ya msimamizi wa wageni wa mfalme. Msimamizi aliisoma barua mpaka mstari wa mwisho, akainua macho. Akafungua kijaluba, akatoa karatasi nyingine, akaziweka sambamba.

"Ulipokuwa na homa," alimwambia balozi, "mkuu wa bandari aliinakili barua yako neno kwa neno, akaituma nakala kwa farasi. Nilitaka kuona kama itanifikia ilivyoondoka. Kwa nini hukuifuta?"

Rangi ilimtoka Pak Insu. Angeweza kujisifu, na hakuna ambaye angembishia. "Nilitaka kuifuta, mheshimiwa," akasema. "Huyu alinikatalia. Alisema aliyeiandika hakukosea, maana siku ile, kwa alivyojua, marehemu alikuwa bado hai."

Msimamizi aliirudia barua, safari hii polepole. "Basi itasomwa mbele ya mfalme kama ilivyo, kwa tarehe yake. Mtu anayeomboleza baba yake hatakasirikia barua iliyomdhania yu hai." Kisha akamgeukia Dhakwani, akamuuliza sababu ya kukataa, naye Dhakwani akamweleza habari za Umaima.

"Na zile barua zako, muuza karatasi, ziko wapi?"

"Zilinirudia, mheshimiwa. Ninazo."

"Nawe ndiye fundi wa kufuta."

"Hazina kosa," akajibu Dhakwani.

Enyi mliojaaliwa kusoma, huenda kweli ikachelewa njiani, ikafika wakati yule aliyekusudiwa ameshaondoka. Kuchelewa huko hakuigeuzi kuwa uongo. Mola azithibitishe ndimi zetu juu ya kile tulichokijua, na aipe mikono yetu subira ya kuliacha jiwe mahali pake.