Utomvu wa Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, na asiyetaka kusikia azibe masikio, wanyama walikunywa maji ya kisima kimoja, na mwenye amri ya kisima alikuwa Mzee Tembo. Nyati alikilinda miaka mingi. Walinzi wa kawaida walikaa mbali, huko kwenye vumbi. Mlinzi mkuu peke yake alijengewa nyumba kando ya maji.

Nyati aliutaka ukuu huo kwa roho yake yote. Ndama wake alikuwa hoi kwa kiu, hana tena nguvu za kufika kisimani.

Siku moja Tembo akatangaza: "Mkuu simchagui kwa misuli. Nyati, Kifaru na Nguchiro, kaeni mjadiliane. Kisima kinakauka, tufanyeje? Nitawatazama, nijue nani anafaa kuongoza wenzake."

Nyati akafurahi. Jawabu alikuwa nalo: tope limeziba chemchemi, lizolewe tu, maji yatatoka.

Kabla ya mjadala, Nguchiro, kijitu kisichofika hata gotini, akaja na utomvu wa mgunga juu ya jani.

"Shikamooni, wajomba! Tafuneni kidogo, unalainisha koo."

"Marahaba, mwanangu," akasema Nyati. Nani akatae tonge la mtoto? Yeye na Kifaru wakatia kinywani. Nyam, nyam, nya... Meno yakashikana ndi!

Tembo akaketi. "Haya, anzeni."

"Mmmm!" akanguruma Nyati.

"Mmmh!" akasema Kifaru, macho yamemtoka.

Nguchiro akasimama. "Wajomba wameniachia nafasi. Naona tuchimbe kisima kingine, nami niwasimamie. Au siyo, Mjomba Nyati?"

Siyo! Siyo hata kidogo! Nyati akarusha kichwa juu na chini, juu na chini, ili taya zibanduke. Hazikubanduka.

"Lo!" akasema Tembo. "Hata wakubwa wanamkubali. Mkuu nimempata."

Jioni utomvu ukayeyuka. Nyati akarudi kwake akijikokota, kinywa ki wazi, nacho hakina faida tena. Mkewe alikuwa akimlamba ndama midomo iliyopasuka.

"Mume wangu, uliwaambia habari ya chemchemi?"

"Sikuwaambia."

"Sasa ulifanya nini?"

"Niliitikia kwa kichwa."

Mkewe akageuka, akalia. Ndama akafumbua jicho moja.

"Baba, tunahamia lini?"

Basi shikeni hili, wanangu: aliyezibwa mdomo huhesabiwa kuwa amekubali.