Mpishi wa Boti Asiyeandikwa

Jamaa zangu, mlio barazani sogeeni ndani, nafasi ipo. Leo nina habari ya nahodha mmoja, na nawaomba mapema msiharakishe kumlaani. Nahodha huyu nimemtunga mimi, lakini vya kumtungia nimeviokota hapahapa mtaani kwetu.

Palikuwa na nahodha aliyekuwa na boti ya fiba ya kutembeza wageni. Kila Jumapili huwachukua kumi na wawili, akawapeleka kwenye fungu la mchanga nje ya mwamba, wakaogelea, wakala pweza wa kuchoma, alasiri akawarudisha. Na alikuwa mtu wa sheria hasa. Hawashi mashine mpaka kila mgeni amevaa jaketi okozi, lile la rangi ya chungwa, na mikanda imekazwa. Bahari ikichafuka, haendi. Kabla ya kutoka huandika majina kwa mkono wake, na karatasi akamwachia askari wa ufukweni, ili likitokea la kutokea ijulikane nani yuko majini. Wenzake walimcheka wakamwita Bwana Karatasi, naye hakujali.

Sasa nawauliza, pweza huyo alikuwa akichomwa na nani? Na nahodha mwenyewe?

Alikuwapo mama mmoja mpishi. Mwaka wa nne huo anapanda boti ile, anakaa nyuma karibu na mashine, amepakata sanduku la barafu. Leseni ya boti ilisema abiria kumi na wawili na nahodha wao, basi. Akimwandika mama yule kuwa abiria, mgeni mmoja atabaki ufukweni. Akimwandika kuwa baharia, atadaiwa cheti ambacho mama hana. Nahodha akaiona njia ya tatu, ile ambayo sote tunaijua. Hakumwandika.

Askari wa ufukweni alikuwa na macho. Jumapili moja akauliza, "Na huyu mama je?"

"Huyu si mgeni," nahodha akamjibu. "Huyu ni wetu."

Mmelisikia neno hilo? Ni wetu. Ukishaambiwa wewe ni wetu, ujue chakula utakula mwisho, na kiti utampisha mwingine. Mama yule naye aliwahi kuuliza, siku majaketi yanagawiwa.

"Nahodha, na mie nivae lipi? Kuogelea sijui."

"Dada yangu, hayo ni ya wageni. Wewe tukuache uzame, halafu tule nini?"

Boti nzima ikacheka. Mama naye akacheka, kwa sababu ana watoto na kazi anaitaka.

Siku ikafika. Wanarudi alasiri, wageni wameshiba, wanavuka mlango wa mwamba, wimbi likawajia kwa nyuma. Boti ikajaa, ikalala ubavu, ikapinduka. Watu wote majini. Majaketi yakafanya kazi yake, wageni wakaelea, wakapuliza vipenga kama walivyofundishwa. Haikupita nusu saa boti ya uokoaji imefika, imewatoa mmoja mmoja. Ofisa wake alikuwa na ile karatasi mkononi. Akaita majina. Nipo. Nipo. Nipo. Kumi na wawili, na nahodha wa kumi na tatu.

Ofisa akamgeukia nahodha. "Wametimia?"

Najua mnataka niwaambie kwamba alisahau. Kwamba mtu ametoka majini, akili imemruka, atakumbukaje. Hapana, hakusahau. Alikuwa amemwona mama yule kwa mbali, ameling'ang'ania sanduku lake la barafu, mkondo unamsukuma nje. Akisema yupo mmoja zaidi, leseni imekwenda, boti imekwenda, na lile jina la mtu wa sheria limekwenda. Akajiambia nafsini mwake, nitafika pwani, nitaazima boti ya rafiki, nitarudi kimyakimya nimchukue.

Akasema, "Wametimia."

Boti ya uokoaji ikageuza. Njiani mgeni mmoja, bibi mtu mzima aliyefunikwa blanketi, akamgusa nahodha begani. "Yule mama aliyetupikia yuko wapi?"

"Amepanda boti nyingine," nahodha akasema.

Bibi yule akaitazama bahari. Boti nyingine hakuiona, na hakuuliza tena. Alikuwa na baridi, alitaka kufika. Huyo naye mtieni kwenye hesabu.

Nahodha alirudi, simnyimi haki yake. Alirudi baada ya saa moja na nusu, na mkondo haukumngoja. Siku ya pili wavuvi wa ng'ambo wakamkuta mama yule. Mkono wake ameufunga kwa kanga kwenye kishikio cha lile sanduku, fundo zuri, la mtu anayengoja kuja kuchukuliwa. Daktari alisema amekufa asubuhi ya siku hiyo ya pili. Maana yake usiku kucha alikuwa hai. Sisi tumelala.

Mumewe alikwenda ofisini kwa waokoaji kuuliza. Wakamfungulia jalada, wakamwonyesha: ajali moja, watu kumi na watatu, wote wameokolewa, nahodha apewe pongezi kwa kufuata taratibu. Mzee wa watu akalisoma mpaka mwisho, akalirudisha juu ya meza.

"Karatasi yenu inasema wote walirudi," akasema. "Basi huyu niliyemzika mimi alikwenda na nani?"



Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alipona peke yake. Na msidhani sheria ndiyo iliyomuua. Sheria ya kuandika majina iliwekwa kwa ajili ya mtu kama yule hasa, asiyejua kuogelea, aliyekaa nyuma kabisa. Nahodha aliishika sheria kwa mikono miwili akamfungia mtu nje nayo. Na sisi tunafanya vivyo hivyo. Tunapenda sheria inayotupamba, tunaisahau ile inayotupunguzia kiti. Zaka ya mali tunapiga hesabu mpaka nukta, na msichana anayetufulia hatujui kama jana alikula. Unafikiri Mola atakuhukumu kwa karatasi uliyoiandika mwenyewe?

Nawaona mnatikisa vichwa. Mnamfikiria nahodha. Mwacheni nahodha.

Jumamosi msikiti wetu una matembezi ya boti kwenda kisiwani. Juzi mwenyekiti wa kamati, huyu aliyekaa safu ya mbele, ameniletea orodha ili niisomee dua ya safari. Hii hapa mfukoni. Majina ishirini na manne, sawasawa na viti vya boti, kwa mwandiko mzuri, na mbele ya kila jina saizi ya jaketi. Kazi safi. Chini ya majina wameandika na vitu: sufuria kubwa mbili za wakfu, majiko matatu ya mkaa, miko minne, mikeka sita.

Nimeisoma mara tatu. Kina mama watatu walioko nyuma ya pazia hili, ambao tangu jana wanachambua mchele wa safari hiyo, hawamo.

Sufuria zimo. Tumeziandika kwa sababu ni za wakfu, zikipotea tutaulizana. Watatu hawa wakipotea tutaulizana nini, na nani? Mwenyekiti, usiinamishe kichwa, hukuwa peke yako. Mimi mwenyewe mara ya kwanza niliisoma, nikaipenda, nikafungua mikono kuomba. Mara ya pili vilevile. Mtu wa kuwaongoza nyinyi, sikuona lolote.

Basi karatasi hii siisomei dua. Kalamu hii hapa. Kina mama, tutajieni majina yenu, na ya baba zenu, pole pole, mwenyekiti anaandika. Na wenye viti vyao tayari, watatu kati yenu wasimame sasa hivi wawapishe.

Nangojea. Sijaona mtu aliyesimama.